Kibuyu Kisichojulikana

Wahenga hawakusema akili ni kilemba, kwamba aliye nacho avae na asiye nacho akae kichwa wazi. Walisema ni nywele. Mwalimu Kembabazi wa Nyakasimbi aliijua methali hiyo tangu darasa la tatu, ila alikuwa hajaiamini.

Likizo nzima mwalimu huyo alikuwa ametokwa jasho akiunda seva ndogo, kikompyuta chenye ukubwa wa kipande cha sabuni, kwa ajili ya kikundi cha wakulima wa kahawa. Hakikuhitaji intaneti. Mkulima angesogea karibu na ghala la kikundi akiwa na simu yake, akapata masomo ya kilimo kwa maandishi, picha na sauti. Sauti zilirekodiwa kwa Kinyambo, lugha ya huko, kwa ajili ya wazee wasiojua kusoma.

Siku ya majaribio ilifika. Mwenyekiti, Mzee Mwebesa, alitangaza kwamba kifaa kisipofanya kazi mchana huo kitapelekwa Mabira, maana kikundi cha huko nacho kilikuwa kimekiomba.

Bibi Kokuhirwa, ambaye mibuni yake ilikuwa ikinyauka, alipewa heshima ya kuwa wa kwanza. Aligusa palipochorwa spika, akatega sikio. Kimya kama maji mtungini. Kioo cha simu kilijaa herufi na alama zisizosomeka, kama siafu waliomwagiwa maji.

"Mwalimu, hiki ni Kinyambo cha wapi?" aliuliza Mzee Mwebesa. Watu wakaangua kicheko.

Kembabazi alijaribu picha; siafu wale wale. Maandishi tu ndiyo yaliyofunguka.

Bibi Kokuhirwa alisogeza kigoda. "Mjukuu wangu, kisanduku chako kinapompa mtu kitu, humwambia ni kitu gani?"

"Bibi, haya ni mambo ya kompyuta," alijibu Kembabazi. Papo hapo akaona haya, kwa kuwa bibi huyo ndiye aliyemletea uji asubuhi alipomwona hajala. Akaongeza kwa upole, "Huiambia simu kwamba kila kitu ni maandishi. Nilifanya hivyo ili kiwe chepesi."

"Ndiyo maana simu inasoma sauti kama barua. Mimi kwenye sherehe nagawa vibuyu. Chenye juisi ya ndizi nakifunga jani bichi, chenye lubisi, yaani pombe ya ndizi, jani kavu. Kila ninayempa namwambia kilichomo."

"Na kisicho na jani?"

"Sikisii. Nakitoa kikiwa kimefungwa, nasema sijui kilichomo, akafungue mwenyewe kwake. Nilikisia mara moja tu, kwaya ikaimba pambio moja mara saba."

Kembabazi alicheka hadi machozi, kisha akarudi mbio kwenye kifaa chake. Kumbe kila faili lilikuwa na jani lake: mkia wa jina lake, zile herufi za mwisho baada ya nukta! Aliandika orodha fupi, isiyozidi mistari kumi: mkia huu ni picha, huu ni sauti, huu ni maandishi. Faili lenye mkia mgeni seva isilikisie. Iseme hailijui, na mwenye simu apewe la kuhifadhi tu, bila kulifungua. Seva ikabaki nyepesi kama unyoya.

Bibi aligusa tena. Sauti ya mwanamke ikatoka, Kinyambo safi: mbuni ulionyauka ung'olewe na kuchomwa pale pale, usiburutwe shambani.

"Eee, mwanangu, nimesikia," bibi aliijibu simu, kana kwamba mgeni amebisha hodi.

"Kinabaki hapa!" alitamka Mzee Mwebesa. "Watu wa Mabira watakuja kujifunza kwetu."

"Asante, Bibi," alisema Kembabazi. "Leo nimeamini kuwa akili ni nywele."

"Basi mimi nimekwisha," Mzee Mwebesa alilalamika, akipapasa kipara chake.

"Zako zimehamia kidevuni," bibi alimfariji.

Kicheko kilipotulia, Kembabazi alipiga magoti, akamfunga bibi vizuri kitambaa kilichokuwa kimelegea juu ya mvi zake. Ama kweli, akili ni nywele, kila mtu ana zake.