Kosa la Kudokoa Muhogo

Kisa changu kiko mlangoni.
— Kikaribishe.
Ni cha uongo.
— Tutakitafutia ukweli.

Basi palikuwa na mji ambamo mtoto alikuwa wa kila mtu. Akikosea, aliye karibu alimfinya sikio, akamlisha, akamtuma moto. Maana huko kaa la moto lilibebwa na watoto tu, nyumba hadi nyumba, kila asubuhi.

Jumbe mpya akaleta askari. Akasema, "Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto akikosea, msijichoshe. Mwiteni askari."

Watu wakaona raha. Mtoto akapiga mluzi, askari. Mtoto akarusha jiwe juu ya paa, askari. Mashavu, binti pekee wa mjane Riziki, akadokoa muhogo chunguni kwa jirani yao Kidawa, askari.

"Kidawa, umenifungia mwanangu kwa muhogo?"

"Si mimi, dada. Ni sheria."

"Sikio lake hukuliona?"

Kidawa akafunika chungu chake.

Watoto wakaisha njiani, wote wamefungiwa. Siku ya kwanza moto haukupita. Ya pili haukupita. Ya tatu Riziki akala muhogo mbichi, peke yake, akijisikia anavyotafuna. Nyinyi mnaolalamikia kelele za watoto, mmewahi kusikia sauti hiyo?

Akaenda kwa Bi Sanura, mamaye Jumbe. Akamkuta naye mbele ya mafiga baridi.

"Mama, Jumbe utotoni hakudokoa?"

"Yule? Alimaliza chungu kizima."

"Basi twende ukaseme."

Wakafika kwa askari. Bi Sanura akasema, "Namshtaki mwanangu. Alidokoa nyama akiwa na miaka saba."

"Bibi, hayo ni ya zamani."

"Wapi imeandikwa kwamba kosa linazeeka?"

Askari akaisoma sheria mara tatu. Hakupaona. Akaenda, akamkamata Jumbe.

"Mama, nilikuwa mtoto," Jumbe akalia.

"Ndilo shtaka lenyewe, mwanangu."

Siku moja ya kufungiwa ilimtosha. Akawafungua wote, sheria akaichana.

Mashavu akarudi kwao. Mama akampakulia.

"Naruhusiwa?"

"Kula."

Akala kipande. "Na hiki?"

Kila kipande aliomba. Tangu hapo Riziki huacha chungu wazi, akatoka nje, akajitia ana kazi uani. Akirudi, muhogo upo wote.

Nimefika mwisho, njia haiendi mbele. Lililo tamu mpelekeeni jirani. Lililo chungu, limezeni.