Msumeno Uliobaki Mteremkoni

Sogeeni. Mwenye haraka ya kuhukumu aumeze ulimi kwanza, mpaka nimalize.

Walikuwapo mafundi seremala watatu huko Rungwe, wenye karakana moja mteremkoni. Ambakisye alijaliwa sikio: mashine ikikohoa tu, alijua inaumwa nini. Lwitiko alijaliwa mkono: ubao aliopasua yeye haukupimwa mara ya pili. Na Subilaga, mwanamke pekee kati yao, alijaliwa moyo usiojua kurudi nyuma.

Walichanga sawa kwa sawa wakaenda kununua msumeno wa duara. Dukani Lwitiko aliung'ang'ania ule mkubwa wa waya.

"Huu meno yake yanazama. Boriti nene unaimaliza kwa mpito mmoja."

Ambakisye aliuwasha, akausikiliza, akauzima. Akashika mdogo, wa betri.

"Mzuri, kaka, lakini umeme ukikatika huo ni chuma tu. Kazi yetu ni milango, vitanda na kupaua. Huu tutapanda nao juu ya paa bila kuburuta waya. Na sikiliza, haukwaruzi."

"Haya," Lwitiko akanung'unika. "Ukitutia aibu, utakata mbao kwa meno yako."

Ikaja masika iliyosahau kukoma. Jumapili moja mchana, mlima uliachia. Tope lilizoa nguzo za umeme, likabomoa nusu ya karakana, likaiangukia nyumba ya mama Anyosisye, jirani aliyewauzia chai. Mafundi walipofika, sauti yake ilitoka chini ya paa.

"Nipo! Na mume wangu yupo, nimemshika mkono!"

Boriti ya mkaratusi ilikuwa imewalalia. Shoka halikuwa na nafasi ya kuinuliwa, na ukuta uliobaki ulikuwa unatikisika.

"Msumeno," Ambakisye akasema. "Ule hauhitaji umeme."

Lakini msumeno ulikuwa karakanani, na nusu ya karakana iliyosimama ilikuwa inainama. Subilaga hakungoja kutumwa. Aliingia kwa tumbo, tope likampanda kifuani, akipapasa gizani huku akiwaza wanawe watalala kwa nani. Alipolishika sanduku la msumeno alilisukuma nje kwanza. Ukuta ukamshukia begani. Walimvuta akiwa hai, ila mkono wa bega lile hakuweza tena kuuinua kupita kiuno.

Lwitiko akalala kifudifudi matopeni. Meno ya msumeno hayakufika upande wa pili wa boriti, basi alikata juu, kisha akakata kwa ubavu, ili mikato ikutane. Mti mbichi ukayabana meno. Msumeno ukaruka nyuma, ukamla vidole vya mkono wa kulia. Aliufunga mkono kwa kanga, akaushika msumeno kwa wa kushoto, akamaliza.

Mama Anyosisye akatoka. Bado alikuwa ameshika mkono wa mumewe, nao ulikuwa umeshapoa.

Baadaye kijiji kikakatazwa kujenga tena pale. Mbao zilikuwa zimezikwa, randa na patasi zimezikwa, na wateja wao hawakuwa na nyumba za kuwekea milango. Familia za mafundi wote watatu zililala kwenye darasa moja la shule. Kilichobaki ni msumeno.

"Niachieni mimi," Ambakisye alisema, macho chini. "Mikono yangu mizima. Na ningemsikiliza Lwitiko dukani, leo mama Anyosisye angekuwa kaburini."

"Kaka, mikono yako ni mizima kwa sababu hukuikata boriti," Lwitiko akajibu. "Mimi sina ufundi tena. Nitaukodisha, wanangu wale."

Wakamgeukia Subilaga.

"Mngekata kwa kitu gani, kama nisingeuleta?" aliuliza taratibu.

Kuuza? Nani wa kununua, na mteremko mzima uko matangani? Kuutumia pamoja? Ambakisye alikuwa anahamia kwa wakwe zake, mbali, na Lwitiko kwao. Subilaga hakuwa na pa kwenda.

Alitaka kusema, "Chukueni, ndugu zangu." Midomo ilikataa. Nyuma yake mwanawe alikuwa anakohoa juu ya saruji. Akawatazama wenzake, watu aliokula nao miaka yote, akaona kwamba kila mmoja anasema kweli, na kwamba ukweli wao hauwatoshi watu watatu. Akaweka mkono wake mzima juu ya sanduku. Ambakisye akaweka wake. Lwitiko akaweka wenye kanga. Hakuna aliyevuta, hakuna aliyeachia.

Mpaka leo sijui nani aliondoka na msumeno. Haya, sasa fungueni vinywa: aliyeuchagua, aliyeutoa, au aliyekata? Je, wewe ungempa nani, na wale wawili ungewaambia nini?