Ngiri Aliyeitikia Majina ya Wengine

Paukwa.

Pakawa.

Wa nyuma sijawasikia. Kila mtu aitikie kwa mdomo wake, asiitikiwe na jirani. Haya tena. Paukwa.

Pakawa.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na serikali, na serikali ilipokuwa na mihuri, pori lote lilitawaliwa na Bi Ndovu. Alikuwa mkubwa, alikuwa mpole, na jambo moja lilimkosesha usingizi. Vijana hawakuwa na kazi. Walishinda juani wakihesabu nzi, na nzi wenyewe walikuwa wamechoka kuhesabiwa.

Bi Ndovu akafikiri. Akafikiri tena. Akatoa amri. Vijengwe vyuo vitatu. Cha kwanza kifundishe kuchimba msingi. Cha pili kifundishe kusimamisha ukuta. Cha tatu kifundishe kuezeka paa. Atakayehitimu apewe cheti, na mwenye cheti apewe kazi katika Uwanja wa Ujenzi kule ng'ambo ya kilima. Asiye na cheti asiguse hata kijiti.

Na kwa kuwa ndovu ni ndovu, hakuishia kwenye maneno. Aliingia msituni kwa kifua chake mwenyewe. Vu, vu, vu. Miti ikalala kulia, miti ikalala kushoto. Akafungua barabara tatu pana, kila moja ikitoka mlangoni mwa chuo kwenda moja kwa moja hadi Uwanja wa Ujenzi. Akaziita Njia za Kazi.

"Anayeingia chuoni," alisema, "atatokea kazini. Njia hizo hapo. Hakuna wa kupotea."

Wanyama wakapiga makofi. Makofi huwa hayakosekani.

Wakateuliwa wakuu wa vyuo. Msingi akapewa Mzee Muhanga, yule mchimba mashimo mwenye pua ndefu. Ukuta akapewa Mbayuwayu, ndege ajengaye kwa tope. Paa akapewa Bi Kwera, ndege msusi wa majani. Wote watatu walikuwa mafundi kweli kweli, tusiwasingizie. Juu yao akawekwa mkaguzi, naye ni Bwana Korongo. Korongo ana mabawa, lakini siku za ukaguzi alikwenda kwa miguu. Mkaguzi haruki, alisema, mkaguzi huwasili. Tia, tia, tia. Akifika husimama kwa mguu mmoja, na kwa mguu wa pili huandika.

Sasa, katika pori hilo alikuwapo binti mmoja, Ngiri.

Mnamjua Ngiri. Meno nje, magoti yamesuguka, mkia wake akikimbia husimama wima, ti, kama kijiti cha bendera. Ngiri huyu hakuwa na nyumba. Ukoo wake tangu mababu hulala katika mashimo yaliyochimbwa na akina Muhanga. Hawajengi, huhifadhiwa. Na mwaka ule Mzee Muhanga alimwambia, "Mwanangu, masika yakianza nitalitaka shimo langu. Binti yangu anaolewa, hana pa kuweka godoro."

"Nitakwenda wapi na mvua hiyo, mzee?"

"Tafuta ufundi. Serikali imefungua vyuo."

Ngiri akanawa uso. Akaenda chuo cha msingi, akamkuta Muhanga yule yule mezani.

"Nimekuja kujiandikisha, mzee."

Muhanga akafungua daftari. "Nafasi zimejaa."

Ngiri akachungulia darasani. Mabenchi ishirini. Benchi la kwanza tupu. Benchi la pili tupu. Benchi la mwisho alilala mjusi, na huyo alikuwa mpita njia.

"Mbona hamna mtu?"

"Darasa ni tupu," akasema Muhanga, "lakini daftari limejaa. Na kinachokaguliwa ni daftari."

Akaenda chuo cha ukuta. Daftari limejaa. Akaenda chuo cha paa. Daftari limejaa. Mlangoni mwa Bi Kwera mawe yalikuwa yamepakwa chokaa mpaka yakaumiza macho, na Bi Kwera mwenyewe alikuwa anasuka manyoya yake.

Ngiri akarudi na jina lake mdomoni, halikuandikwa popote.

Mwezi ukaandama. Alfajiri Muhanga akaja shimoni anahema. "Ngiri, Ngiri, amka. Mkaguzi anakuja. Nahitaji mtu wa kukaa kwenye benchi."

"Nimekubaliwa, basi?"

"Umeazimwa. Ukikaa, utaendelea kulala humu hadi masika. Ukikataa, toka leo. Jina lako ni Tohe."

"Tohe si aliliwa na Chui mwaka juzi?"

"Ndiyo maana halitumii."

Ngiri akakaa. Wakakaa na wengine wawili watatu waliookotwa njiani. Korongo akafika, tia, tia, tia. Akasimama kwa mguu mmoja, akafungua daftari.

"Tohe?"

"Yupo," akaitika Ngiri.

Korongo akainua shingo. "Tohe ana pembe."

"Zimeanguka, mheshimiwa," akasema Muhanga. "Masomo ni magumu."

Korongo akaandika: masomo ni magumu. Kisha akasema, "Nifundishieni kidogo nione." Hapo Muhanga hakuwa na ujanja. Akashuka uwanjani, akapiga kucha chini, akafundisha. Jinsi ya kuonja udongo. Jinsi ya kufuata mwamba. Jinsi ya kujua kwamba mtaro umenyooka bila kamba. Alifundisha vizuri, maana kazi aliijua, na aliogopa. Ngiri akafungua masikio yote mawili, akashika kila neno.

Korongo akala chura wa mchuzi, akatia sahihi, akaaga. Kabla hajamaliza kuaga, Muhanga akamnong'oneza Ngiri, "Kimbia kwa Mbayuwayu. Kule wewe ni Pongo."

Mkia juu, ti. Puru, puru, puru. Ngiri akakata kwenye majani, njia ya mkato, akafika kwa Mbayuwayu kabla ya mkaguzi.

"Pongo?"

"Yupo."

"Nifundishieni kidogo nione."

Mbayuwayu akafundisha tope. Tope la maji mengi hulia, tope la maji machache hupasuka, tope zuri hunyamaza. Ngiri akashika. Kisha mkia juu, ti. Puru, puru, puru, hadi kwa Bi Kwera.

"Nguchiro?"

"Yupo."

"Nguchiro ni mdogo."

"Tunawalisha vizuri, mheshimiwa."

Bi Kwera akafundisha kusuka paa, jani juu ya jani, lile la chini likaanza, lile la juu likafunika. Ngiri akashika hilo nalo.

Ikawa hivyo kila mwezi ukiandama. Siku ishirini na tisa vyuo vimelala, siku moja vinafundisha kama vimepagawa. Waazimwa wengine walisinzia, wakatoroka, wakabadilishwa. Ngiri hakukosa hata mara moja. Tohe, yupo. Pongo, yupo. Nguchiro, yupo. Miezi kumi. Wakati mwingine alimwuliza Muhanga, "Na jina langu je?" Muhanga akamjibu, "La nini? Humu mna majina tele hayana wenyewe."

Mawingu ya masika yakaanza kujipanga mlimani. Bi Ndovu akasema, ngoja nikaone Uwanja wangu wa Ujenzi unavyovuma kwa kazi. Hakumwambia mtu. Akaenda.

Akakuta mawe kwenye rundo. Miti kwenye rundo. Majani ya kuezekea kwenye rundo, na ndani yake panya wamezaa mara tatu. Fundi hakuna. Hata mmoja hakuna.

Akamwita Korongo. Korongo akaja na mkoba.

"Wahitimu ni wangapi, Bwana Mkaguzi?"

"Mia tatu, Mama. Vyeti vyao hivi hapa, vimegongwa mihuri yote."

"Nao wako wapi?"

"Wako njiani, Mama."

"Vizuri," akasema Bi Ndovu. "Twende njiani."

Wakazishika zile barabara tatu. Ya kwanza, majani yamefika magotini mwa Korongo, na mnajua magoti ya Korongo yako wapi. Ya pili, imeota miiba. Ya tatu, ndege wametaga katikati. Hapakuwa na unyayo wowote.

"Labda waliruka," akasema Korongo kwa sauti ndogo.

"Wote mia tatu?" akauliza Bi Ndovu.

Bi Ndovu akainamisha mkonga, akanusa. Ndovu anajua njia kuliko anavyojua jamaa zake. Pembeni, kati ya chuo na chuo, akaona njia nyingine. Nyembamba. Imekanyagwa mpaka inang'aa. Haiendi kazini. Inatoka chuo cha msingi, inapita cha ukuta, inaishia cha paa.

"Hii sikuifungua mimi," akasema. "Nani anaipita?"

Basi wakuu walikuwa wameshanusa habari kwamba Korongo yuko barabarani, wakadhani ni ukaguzi, wakamwamsha Ngiri. Majani yakatikisika. Mkia ukaonekana kwa mbali, ti. Puru, puru, puru, na Ngiri akajigonga kwenye mguu wa Bi Ndovu, pu, akakaa chini.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Unakimbilia wapi, binti?"

"Chuoni, Mama."

"Wewe ni nani huko?"

Ngiri akageuza shingo. Nyuma yake Muhanga amefika, Mbayuwayu amefika, Bi Kwera amefika, wote wanamkonyeza mpaka kope zinawauma. Akifumba mdomo, shimo analo hadi mvua ianze. Akiufumbua, leo hii analala nje. Ngiri akatazama mawingu. Akasema, "Inategemea, Mama. Asubuhi ni Tohe. Mchana ni Pongo. Jioni ni Nguchiro."

Bi Ndovu akamgeukia Korongo. "Tohe yumo kwenye vyeti?"

Korongo akapekua. "Yumo. Kwa daraja la juu."

"Tohe aliliwa na Chui," akasema Ngiri.

"Basi huenda aliyehitimu ni Chui," akasema Bi Ndovu, na hakucheka. "Na wewe, chini ya majina yote hayo, unajua nini?"

"Najua kuchimba msingi. Najua kusimamisha ukuta. Najua kuezeka."

"Nani kakufundisha?"

"Hawa hapa, Mama. Mkaguzi akiwapo wanafundisha vizuri sana."

Wakuu wakatazama chini. Walitahayari. Lakini nataka kusema kweli, walifurahi kidogo pia.

"Jenga nyumba," akasema Bi Ndovu. "Hapa hapa, katikati ya Njia ya Kazi. Ikisimama ni yako. Ikianguka, umenidanganya kama wenzako."

"Sheria, Mama," akasema Korongo. "Asiye na cheti asiguse kijiti."

"Wenye vyeti mia tatu hawajagusa kijiti. Acha mmoja aguse."

Ngiri akapiga magoti, maana ngiri hufanya kazi kwa magoti. Akaonja udongo, akatema, akasogea hatua mbili, akaonja tena. Akachimba. Chaka, chaka, chaka. Muhanga alisimama kando amefumbata mikono kama asiyehusika. Mtaro ulipokaribia mwamba akashindwa kujizuia. "Fuata mwamba, mwanangu, usishindane nao."

"Ndivyo ulivyosema mwezi wa tatu, mzee," akajibu Ngiri bila kugeuka.

Muhanga akapenga pua. Ile pua ndefu, ilichukua muda.

Siku ya pili tope. Mbayuwayu aliruka juu, akashuka, akaruka juu, akashuka. "Limenyamaza?"

"Limenyamaza."

"Basi pandisha ukuta."

Siku ya tatu majani. Bi Kwera alikaa kimya hadi mstari wa tano, kisha akapiga kelele pori zima likasikia, "Kaza hapo, binti, mvua si shangazi yako." Wanyama wakaja kutazama. Waliokuwa wakihesabu nzi wakaacha nzi. Mmoja akaleta jiwe, mwingine akaleta maji, wa tatu akauliza, "Huo mkunjo umeufanyaje?" Ngiri akamwonyesha.

Jani la mwisho likakaa, na mvua ikaja. Ilipiga siku nzima. Ilipokatika, Bi Ndovu akatoka chini ya miti, akazunguka nyumba mara moja. Hakuuliza daftari. Akageuza mgongo, akauegemeza ukutani, akaanza kujikuna. Kwaru, kwaru, kwaru. Korongo akafumba macho. Mbayuwayu akafumba ya kwake.

Ukuta ukakaa. Tope kidogo likadondoka, basi.

"Ah," akasema Bi Ndovu, "hata mgongo umepona."

Pori likalipuka kwa vigelegele. Muhanga alicheza mpaka akaingia kwenye mtaro.

Siku hiyo Bi Ndovu akafungua daftari jipya, akaandika jina la kwanza kwa mkonga wake: Ngiri. Akaita kwa sauti ya wazi, mbele ya Korongo, "Ngiri?" na Ngiri mwenyewe akaitika, "Nipo."

Amri zikabadilika. Mkaguzi asitangaze siku. Asihesabu majina, ahesabu nyayo kwenye Njia ya Kazi. Wakuu hawakufukuzwa, maana ufundi walikuwa nao. Waliamriwa tu kuutoa kila siku. Walilalamika kwamba wanachoka. Mpaka leo wanalalamika, na majani barabarani yamekufa. Na Korongo? Korongo alipelekwa benchi la mbele, akafunzwe kukanda tope, ili siku akiliona alijue. Anaendelea vizuri. Anasimama kwa miguu yote miwili.

Jioni ile Ngiri alisimama mlangoni pake. Ngiri, mjue, huingia shimoni kinyumenyume, tangu mababu, uso nje, ili amwone mwenye shimo akija kulidai. Alijigeuza kama kawaida. Akatanguliza matako. Kisha akasita, akacheka peke yake, akajigeuza tena, akaingia nyumbani kwake kwa uso.

Wanangu, na ninyi wakubwa mnaojifanya mmelala, funzo ni hili. Chuo hakipimwi kwa daftari wala kwa chokaa ya mlangoni; hupimwa kwa anayetoka humo na anachoweza kukifanya. Na msimamizi anayetangaza siku ya kuja kwake huonyeshwa siku hiyo tu.

Hadithi yangu imeishia hapo mlangoni kwa Ngiri. Nanyi nendeni mkalale, kila mtu kwake.