Msamaha Mmoja wa Mama Mhina

Hapo zamani, na msinitolee macho, maana zamani yenyewe si ya mbali, viyoyozi vilikuwa vimekwisha kufika Tanga na watu wameshazoea kulala kwa ubaridi wa kununua, palikuwa na fundi aitwaye Mhina. Kazi yake ilikuwa kufunga viyoyozi majumbani na madukani, kuvisafisha, na kuvitengeneza vikiharibika. Alikuwa na mwenzake, Sechonge, aliyemzidi umri na ujuzi. Mmoja akipanda ngazi, mwingine anaishika. Mmoja akifungua, mwingine anapokea skrubu. Walifanya kazi hivyo miaka tisa, na katika miaka hiyo tisa hakuna aliyepata hata jeraha la kufunga kitambaa.

Sasa nitegeeni sikio, maana kuna neno moja hapa na hadithi nzima imelikalia. Fundi akisema amefunga kiyoyozi, maana yake amekiweka ukutani. Akisema amekifungua, maana yake ametoa skrubu, ametoa mfuniko, na utumbo wa mashine uko nje. Lakini mtu wa nyumbani, hasa aliyekula chumvi nyingi, akisema amefunga kiyoyozi, amekizima. Akisema amekifungua, amekiwasha, kama afunguavyo redio asikilize taarifa ya habari. Neno ni lile lile, midomo ndiyo tofauti. Watu wamelichekea neno hilo miaka mingi, na mimi nilikuwa mmoja wao. Siku hizi silicheki.

Basi palikuwa na mwanamke mshonaji, Zakia, aliyekuwa akiishi na mama yake mzazi. Mama huyo aliitwa Bi Tatu, mtu mzima mwenye presha na magoti mabovu. Kwa ajili yake Zakia alikuwa amenunua kiyoyozi, kikafungwa chumbani kwa mama juu ghorofani, na kwa mwaka mzima mama akalala usingizi wa mtoto. Halafu kikaanza kupuliza joto. Zakia akawaita mafundi, nao wakaja saa sita mchana, jua limesimama utosini.

Sechonge alitaka kukata umeme wa nyumba nzima kwenye swichi kubwa. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyomfundisha Mhina. Bi Tatu akamshika mkono.

"Mwanangu, feni hiyo inayozunguka hapo juu ndiyo roho yangu. Ukiizima utanikuta nimekauka kitandani hapa."

Sechonge akamhurumia. Akaiacha swichi kubwa, akazima ile ya kiyoyozi peke yake, iliyokuwa ukutani kando ya kitanda cha bibi. Kisha akamwambia Zakia, "Dada, kaa hapa. Swichi hii isiguswe mpaka nirudi mimi mwenyewe."

"Siondoki, kaka."

Zakia akakaa. Dirisha lilikuwa wazi, na nje yake tu Mhina alikuwa juu ya ngazi, mbele ya sanduku la nje la kiyoyozi, jasho linamtiririka mpaka viwikoni. Mhina akamwona, akatabasamu.

"Dada, nyumba hii mmeapa kutompa fundi maji?"

"Yapo, tena ya baridi! Mbona husemi?"

Zakia akainuka. Mlangoni akageuka na kusema, "Mama, nakwenda jikoni mara moja. Fundi akitaka kitu, msikilize."

Msikilize! Hakusema lolote juu ya swichi. Alisema msikilize, akashuka ngazi za ndani huku akiwaza kama barafu ingalipo.

Mhina alikuwa amekwisha toa mfuniko. Akauliza kutoka juu, "Na hizi nyaya nazo?" Sechonge, aliyekuwa chini ameishika ngazi, akamjibu, "Fungua!" Pikipiki ilipita barabarani, Mhina hakusikia vizuri. Sechonge akapaza sauti, "Fungua, bwana!"

Bi Tatu akasikia. Fundi anataka kitu, na yeye ameambiwa amsikilize. Akafurahi, jamani, alifurahi kwamba yumo katika kazi na yeye. Akajikongoja na magoti yake mabovu mpaka ukutani, akawasha swichi.

Zakia alikuwa jikoni anamimina maji aliposikia kishindo, kisha ukelele wa Sechonge. Akatoka mlango wa nyuma na glasi mkononi. Mhina alikuwa chini, chali, viganja vimeungua, na Sechonge amepiga magoti anamtikisa mabega, "Mhina! We Mhina, amka!" Na kutoka dirishani juu, sauti ya Bi Tatu ikashuka, ya furaha kabisa:

"Nimefungua, mwanangu! Mbona hakipulizi?"

Zakia alimsikia mama yake, akamwangalia aliyelala chini, na akaelewa yote kwa mara moja. Alisimama palepale, na majirani walipofika walimkuta bado ameishika ile glasi, wakambandua vidole kimoja kimoja. Mhina alikuwa amekwisha kukata roho.

Kesho yake walikuwa Muheza, kwao Mhina, msibani. Zakia, Sechonge na Bi Tatu walikuja pamoja, na watu, waliokwisha kusikia yote, wakawapisha njia. Mama yake marehemu alikuwa amekaa kwenye mkeka. Tangu amzae kijana wake huyo hakuna aliyemwita kwa jina jingine ila Mama Mhina, na hata siku ile waliokuja kumpa pole walimwita hivyo hivyo, kisha wakajishika midomo.

Mjomba mmoja akataka kutuliza mambo. "Dada, ni mipango ya Mungu."

"Mungu hakuwasha swichi," akasema Mama Mhina.

Watu waliguna kwa mshtuko. Mchungaji aliinamisha kichwa. Mama Mhina akawatazama wale watatu.

"Tangu jana nautafuta msamaha moyoni mwangu. Nimechakura kila pembe, nimeupata mmoja. Sikuupata wa pili. Nikisema nimewasamehe nyote, nitakuwa nasema kwa mdomo tu, na siwezi kusema uongo mbele ya maiti ya mwanangu. Ni mmoja. Nitakayempa atatia udongo pamoja nami kaburini. Wawili warudi Tanga, na mwaka gani nitawaita, sijui."

Sechonge akatangulia, akapiga magoti.

"Mama, kosa ni langu. Swichi kubwa niliiacha mimi. Neno nililisema mimi, tena mara mbili. Mimi ndiye fundi, hawa ni watu wa nyumbani, wangejuaje? Miaka tisa nimemshikia ngazi mwanao, na siku hiyo nilikuwa nimeishika vilevile. Msamaha nipe mimi, la sivyo mikono hii haitashika bisibisi tena."

Zakia akapiga magoti pembeni yake.

"Mama, kosa ni langu. Yeye alinipa kazi moja tu, kukaa. Kukaa, mama! Nikasema siondoki, nikaondoka. Ningekaa, angesema neno lake hata mara mia na mwanao angekuwa hai. Nilikwenda kumchukulia maji. Nipe mimi, maana tangu jana glasi siwezi kuishika."

Bi Tatu hakuweza kupiga magoti. Alisimama, ameshika bega la binti yake.

"Mama mwenzangu, hawa watoto wananikingia kifua. Huyu alisema, huyu aliondoka, lakini nani aliyewasha? Ni kidole hiki. Na feni ile niliing'ang'ania mimi, kwa kuogopa joto. Mimi nimezaa kama wewe. Sijala tangu jana na sidhani kama nitakula. Wao wana miaka ya kungoja uwaite. Mimi sina."

Zakia akainua uso kumtazama mama yake. Alijua kwamba mama amesema kweli, na alijua kwamba mtoto mwema angesema hapo hapo, mpe mama yangu. Alijichukia, lakini maneno hayo hayakutoka.

Wanawake msibani wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema apewe mwenye kosa dogo, maana ndiye anayeonewa. Mwenzake akamkemea: mwenye kosa dogo atalala usingizi tu, apewe mwenye kosa kubwa. Na kubwa ni lipi? Hapo wakavutana, mwisho wakanyamaza, kwa sababu jeneza lilikuwa linatoka.

Wakaenda makaburini. Mchungaji akasoma, vijana wakateremsha jeneza kwa kamba. Mama Mhina akachota udongo kwa mkono wa kulia na akachota kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa wake. Wa kushoto akaunyoosha kuelekea walikosimama wale watatu, kiganja wazi, akasema, "Njoo."

Hakutaja jina.

Sechonge hakusogea. Bi Tatu hakusogea. Lakini mguu wa Zakia ulipiga hatua moja mbele, na Zakia mwenyewe akashtuka kuuona, akageuka, akakuta mama yake anamtazama.

Hapo ndipo ninapowaachia, na msiniulize mimi, maana mimi nimeshindwa. Mmoja alimhurumia mgonjwa akamwachia feni, mmoja alimhurumia fundi mwenye kiu, mmoja alitii alichoambiwa, na mtu amekufa. Udongo uko kiganjani, umeanza kuchuruzika kati ya vidole vya Mama Mhina, kaburi liko wazi. Semeni basi, ninyi mnaojua kuhukumu: kati ya hao watatu, nani alistahili?