Chatu Aliyelalia Mayai

Sogeeni, ngano imefika mlangoni. Palikuwa na Mwinyikai, mlafi asiyeshibishwa na sufuria nzima. Akamkuta chatu pangoni, mnene, madoa ya kahawia mgongoni, amejiviringisha juu ya mayai yake.

"Bibi, hunimezi?"

"Nikilalia sili mpaka yaanguliwe. Niachie wanangu, baba."

Akacheka, akachukua mengi. Kesho yake akarudi.

"Bado umefunga, bibi?"

"Bado. Niachie waliobaki."

Akachukua. Siku ya tatu limebaki moja.

"Baba, hilo ndilo linalonifunga mdomo."

"Endelea kufunga!" Akalitia mfukoni.

Basi hakuna tena cha kulalia. Chatu akajikunjua, akamzunguka Mwinyikai, akambana kila alipotoa pumzi. Akammeza kuanzia kichwani, na mwanawe wa mwisho akiwa mfukoni mle.

Imeishia hapo. Anayetaka tamu akarambe asali.