Fisi Alipofufua Tega Nitegue

Paukwa!

Pakawa!

Wewe wa nyuma umelala? Itikia vizuri! Paukwa!

Pakawaaa!

Pakawa televisheni na antena yake, pakawa Fisi na kiti chake, pakawa Pimbi na mdomo wake. Basi sogeeni, maana hadithi hii ni ya mdomo ule.

Hapo kale nchi ya wanyama ilikuwa na kipindi cha televisheni, kikiitwa Tega Nitegue. Mtangazaji anaita, "Kitendawili!" Mshindani anaitikia, "Tega!" Ukitegua, unapewa mkungu wa ndizi. Ukishindwa, unaambiwa, "Nipe mji!" nawe unatoa mji wa mdomoni tu: "Nakupa Pangani." Mtangazaji anafumba macho: "Nimefika Pangani, nimekula, nimekunywa, nimerudi. Jibu ni yai!" Wanyama wanacheka, wanakwenda kulala. Halafu televisheni ikaharibika, kipindi kikafa, na waliokitazama nao wakafa mmoja mmoja. Akabaki Mzee Kobe peke yake.

Siku moja Fisi akakifufua. Lo! Taa huku, ngoma kule, ndu-ndu-ndu, pa-pa-pa! Zawadi si mkungu tena, ni mkokoteni mzima wa mahindi mabichi. Fisi mwenyewe ndiye mtangazaji, suti inameremeta. "Hii-hi-hi! Cha zamani kilikuwa na taa moja, changu kina taa kumi! Cha zamani kilitoa ndizi, changu kinatoa mkokoteni!" Kila kitu cha zamani lazima akizidishe. Na mji nao akauzidisha. Kwa Fisi hutoi Pangani ya mdomoni, unatoa pale unapolala.

Na vitendawili vyake, wenzangu!

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Jana mchana nilikula nini?"

Hicho nacho ni kitendawili? Digidigi akasema nyama. "Hapana, mfupa! Nipe mji!" Akatoa kichaka chake. Nungunungu akasema mfupa. "Hapana, ngozi! Nipe mji!" Akatoa shimo lake. Mama yake Pimbi akasema ngozi. "Hapana, jana nilifunga! Nipe mji!" Mama wa watu akatoa mwamba wao, mwamba wa mababu, wenye nyufa za kujifichia.

Basi Pimbi, mama yake na wadogo zake wakabaki uwanjani, peupe. Juu yao Tai anazunguka, fyuu, fyuu. Pimbi akamtazama Tai, akawatazama wadogo zake waliojikunyata, hofu ikamshika, na hasira ikaja juu ya hofu.

"Mama, nakwenda kwenye kipindi."

"Mwanangu, utaweka nini? Mji hatuna."

"Mdomo ninao," akasema Pimbi, akaenda zake.

Ukumbi umejaa pomoni. Ndu-ndu-ndu, pa-pa-pa! Pimbi akapanda jukwaani, mdogo hata kamera ikamtafuta.

"Una mji wewe?" akauliza Fisi.

"Sina, bwana mkubwa. Nikishindwa, unile mimi."

Mate yakamdondoka Fisi, to, to, to. Ukumbi ukaguna.

"Ila bwana mkubwa, kipindi chako kitamu kweli, lakini cha zamani kinakushinda kidogo."

Ngoma zikanyamaza. "Kinanishinda nini?"

Sasa nisikilizeni. Pimbi alizaliwa televisheni imeshakufa zamani. Cha zamani hakukiona hata ndotoni. Lakini akakaza macho, akasema, "Cha zamani, mtangazaji naye alitegewa kitendawili."

Fisi akamgeukia Mzee Kobe, aliyekaa kiti cha mbele akitafuna jani. "Kweli, mzee?"

Kobe akatafuna. Akameza. Akalikumbuka dimbwi lake, alilolitoa wiki iliyopita kwenye kipindi hichohicho.

"Kweli tupu," akasema.

"Alitegewa kimoja?" Fisi akacheka. "Mimi nitegee viwili!"

"Na akishindwa alitoa mji."

"Kweli, mzee?"

"Kweli tupu."

"Mmoja? Mimi nitatoa yote! Yote niliyochukua! Mmenisikia?"

"Tumekusikiaaa!" Ukumbi mzima, pa-pa-pa!

"Kitendawili!" akaita Pimbi.

"Tega!"

"Anakula kwa kila mtu, kwake hajamkaribisha mtu."

Enhe! Hata nyie mmeshajua, naona mnavyocheka. Na ukumbini wote walijua. Digidigi akajiziba mdomo kwa kwato. Nungunungu akatetemeka kwa raha, miiba ikalia cha-cha-cha. Fisi tu ndiye anakuna kichwa.

"Nzi!"

"Aa-aa!"

"Siafu!"

"Aa-aa!"

"Hii-hi-hi! Si neno, kimebaki kimoja."

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Akicheka husikika ng'ambo ya mto, na hakuna ajuaye kilichomchekesha."

"Hii-hi-hi! Rahisi! Chura!"

"Aa-aa!"

"Hii-hi-hi! Kasuku!"

"Aa-aa!"

Fisi akafikiri mpaka suti ikalowa jasho. Wapi! Pimbi akasogea, akasimama kwa miguu miwili, sauti ikamtoka kubwa kuliko mwili. "Nipe mji!"

"Nakupa... nakupa Pangani," akasema Fisi.

"Sitaki Pangani! Nipe yote!"

"Yote! Yote! Yote!" ukumbi ukaunguruma. Fisi akaangalia mlango, mlangoni amesimama Nungunungu na ndugu zake wote.

"Haya, chukua," akasema, mkia katikati ya miguu.

Pimbi akafumba macho. "Nimefika kichakani, nimemrudisha Digidigi. Nimefika shimoni, nimemrudisha Nungunungu. Nimefika dimbwini, nimemrudisha Mzee Kobe. Nimefika mwambani kwa mama, nimekula, nimekunywa, wala sirudi! Jibu la kwanza ni Fisi. Na la pili ni Fisi."

Kelele zilizopigwa hapo, jamani, antena ilianguka. Fisi akatimua mbio, kwata-kwata-kwata, suti imebaki kwenye miiba. Na mahindi yakaliwa na wote palepale.

Wakiwa njiani kurudi, Pimbi akamuuliza Kobe, "Mzee, kwani cha zamani mtangazaji alitegewa kweli?"

"Thubutu!" akasema Kobe. "Hakutegewa hata siku moja. Na kilikuwa kinachosha hicho! Huu wa leo ndio ulikuwa mchezo."

Nami hapa nazima televisheni yangu. Hadithi ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mpelekeeni Fisi, yeye hachagui.

Na funzo, wanangu, msilisahau: semeni kweli siku zote, kwa maana njia ya mwongo ni fupi. Ya Pimbi ilikuwa fupi kabisa. Tai hajamaliza kuzunguka mara ya pili, yeye na wadogo zake walikuwa wameshaingia mwambani.