Aliyesema "Nimekoma"

Isome hii polepole, kisha mpelekee yeyote unayemjua mwenye mkono mwepesi wa kupiga.

Zamani, nchi ilipokuwa ikitawaliwa kwa kiboko, Jumbe mmoja alikuwa na mpiga viboko wake aitwaye Mhando. Kazi hiyo hakuiomba. Alipewa kwa sababu ya mabega yake, na kuikataa kulikuwa sawa na kulazwa kifudifudi yeye mwenyewe.

Sheria ya baraza ilikuwa moja tu. Mshtakiwa hupigwa mpaka atamke, "Nimekoma!" Akitamka, anaachiwa, lakini huhesabiwa mkosaji maisha yake yote. Hali chakula pamoja na watu, na salamu yake haiitikiwi.

Siku moja fahali wa Jumbe akapotea. Nyayo zilipita kando ya shamba la Semboja, basi kesi ikaishia hapo hapo! Mhando alipoona nani analetwa, moyo ulimpasuka. Yeye na Semboja walitiwa jando kumbi moja.

Alipiga huku machozi yanamtoka. Semboja kimya. Ngozi ikachanika, bado kimya. Mhando akainama kama anayejifuta jasho, akamnong'oneza, "Sema, ndugu yangu. Ni neno tu. Utakufa!"

"Nitakomaje jambo nisilolianza?"

"Basi sema kwa ajili yangu. Mimi siwezi tena, na nikiacha watatulaza sote wawili."

Semboja akamtazama kwa jicho moja, lile jingine lilikuwa mchangani. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Nimekoma."

Mhando akamshukuru Mungu. Maskini, alidhani amemwokoa mwenzake.

Hata mwezi haujaisha, fahali yule akarudi mwenyewe, amenenepa, kutoka kijiji cha jirani alikokuwa amefuata majike. Mhando akatimua mbio mpaka barazani.

"Jumbe, fahali amerudi! Semboja hakuiba!"

Jumbe akakohoa. Aibu ilimshika, lakini mkubwa na kukiri kosa, wapi na wapi!

"Basi aliiba kingine," akasema. "Mtu hasemi nimekoma bure."

Na wazee wa baraza wakaitikia, "Kweli kabisa." Watu wazima, na ndevu zao!

Mhando akaona heri aende mwenyewe kwa Semboja ampe habari. Alimkuta mkewe amekaa chini, amejitanda kaniki ya msiba. Vidonda vya mumewe vilikuwa vimeoza. Semboja alizikwa jana yake, na wanawe peke yao, maana nani angemzika mwizi?

"Kila siku aliniuliza," mwanamke akasema, "'Mke wangu, wewe angalau unaniamini?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nilinyamaza. Ningesema nini, shemeji, na mwenyewe alikwisha kukiri mbele za watu?"

Mhando alitamani ardhi immeze. Lakini habari aliyoileta ilikuwa ni ya kusemwa, akaisema.

Mwanamke hakulia mara moja. Aliinuka, akaenda nyuma ya nyumba, akajilaza juu ya udongo mbichi wa kaburi, mdomo karibu na ardhi, akaanza kumjibu mumewe: "Nakuamini, baba. Nakuamini. Nakuamini."

Funzo: Kiboko hutoa neno kinywani, hakitoi ukweli moyoni. Kabla hujamhukumu mtu kwa sababu amekiri, uliza kwanza alikiri akiwa chini ya mkono wa nani.